Daftari la Makosa la Mama Saini

Kama umewahi kununua tiketi ya bahati nasibu kwenye kile kibanda cha kijani cha njia panda, kinachotazamana na duka la kinyozi, basi Mama Saini unamjua, na huna haja ya kuelezwa jina hilo alilipataje. Hujamaliza kupokea tiketi yako, kalamu imeshakufikia puani. Imefungwa uzi kwenye msumari, isije ikaondoka na mtu.

"Nyuma hapo, tia saini. Tiketi isiyo na saini ni ya yeyote atakayeiokota."

Ukisema una haraka, atakujibu kwamba hata yeye ana haraka, kwa hiyo tia saini mwachane salama. Ukisema hujui kuandika, atakusogezea kidau cha wino uchovye dole gumba. Fundi bomba mmoja alijaribu kumkwepa kwa kisingizio kwamba mikono imejaa grisi. Mama Saini aliinama chini ya meza, akatoka na kipande cha sabuni, kopo la maji na taulo, akamwambia, "Nawa, baba. Nakusubiri."

Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, umri wake hamsini na saba, na sauti yake inasikika hadi ng'ambo ya barabara bila yeye kujitahidi. Ukiirudisha tiketi baada ya droo, haiangalii peke yake. Anaigeuza mashine ili kioo kikutazame wewe, mnasoma pamoja, na kama imekosa anaichana vipande viwili mbele ya macho yako na kukupa vyote viwili. Nyuma yake ukutani, kwenye fremu ya kioo, imetundikwa leseni. Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha mashine, anaipangusa kwa kitambaa laini. Wifi yake, ambaye ni dada wa marehemu mumewe na ndiye anayeishi naye, husema kwamba kaka yake hakuwahi kupanguswa namna ile hata siku ya harusi.

Lakini ukitaka kujua uzito wa ile karatasi ukutani, lazima turudi nyuma miaka ishirini na miwili.

Wakati huo mashine hazikuwepo. Tiketi zilikuja kwenye vitabu, na kila aliyetaka alichukua kitabu kwa dalali akaenda kuuza barabarani. Hakuna aliyeulizwa yeye ni nani wala kavitoa wapi. Mama Saini alikuwa amefiwa na mume mwaka ule ule, na alikuwa akizunguka na vitabu vyake kwenye maofisi na maghala, mguu mosi mguu pili, kuanzia asubuhi hadi viatu viombe msamaha. Mteja wake wa kudumu alikuwa mlinzi wa ghala la saruji, mtu mpole asiyekosa kununua tiketi moja kila Ijumaa.

Siku moja namba za mlinzi zilitoka. Akaazima shati jeupe kwa jirani, akaenda ofisi ya bahati nasibu kuchukua zawadi yake. Wakamwangalia, wakaiangalia tiketi, wakamwambia ni ya bandia na aondoke kabla hawajaita polisi. Dalali alikuwa amechapisha vitabu vyake mwenyewe na alishatoroka. Mlinzi alirudi moja kwa moja kwa Mama Saini, bado kavaa shati la watu, akasimama mbele yake.

"Aliniangalia tu," Mama Saini husimulia hadi leo. "Hakusema neno. Angenitukana, usiku ule ningelala."

Waliotapeliwa walikuwa wengi, na kelele zao zilifika juu. Serikali ikatunga sheria na kuunda Bodi. Kuanzia hapo hakuna kuuza tiketi mkononi. Atakayeuza awe wakala mwenye leseni, na leseni haitolewi mpaka uhudhurie mafunzo ya siku tatu na kufanya mtihani wa kanuni. Wauzaji wa barabarani walivunjika mbavu. Eti mtu asomeshwe kuuza karatasi! Wengi waliacha, wakaenda kuuza soksi.

Mama Saini, aliyeishia darasa la tano, alikwenda. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao, akaandika kila alichosikia. Jioni wifi yake alikuwa akimsomesha huku anashona, mguu kwenye cherehani, kijitabu cha kanuni kimefunguliwa juu ya kitambaa.

"Kanuni ya tisa?"

"Asiuziwe tiketi mtu aliye chini ya miaka kumi na minane, hata akisema katumwa na baba yake."

"Hata akisema katumwa na mimi?"

"Wewe hasa."

Waliofanya mtihani walikuwa sitini. Waliofaulu kumi na mmoja. Mama Saini alikuwa wa nne. Siku aliyokabidhiwa leseni alipitia dukani, akanunua fremu, na akanunua daftari moja nene lenye jalada gumu. Kabla ya kuandika chochote alikaa akazipa kurasa zote namba kwa mkono wake, kuanzia moja hadi mia mbili, ili ukurasa ukipotea ujulikane. Kisha kwenye ukurasa wa kwanza akaandika: *Kosa la kwanza. Nilimuuzia mlinzi wa ghala tiketi ya uongo. Sikujua. Lakini mkono ulikuwa wangu.*

Hivyo ndivyo lilivyoanza daftari la makosa. Bodi haikuliagiza. Hakuna kanuni inayolitaja. Ni utaratibu wake mwenyewe: kila anapokosea, anaandika kosa, saa na namna lilivyomalizwa, halafu mteja anatia saini. Karatasi imekwama, anaandika. Kabonyeza nane badala ya tatu, anaandika. Mara moja alimuuzia kijana bila kumwomba kitambulisho kwa sababu alidanganywa na ndevu. Kesho yake akamfuata hadi kwao kuhakikisha, akakuta kijana ana miaka kumi na tisa, akaandika hilo pia: *Ana umri. Lakini sikuuliza. Ni kosa.* Madaftari yakafika saba. Watu wa njia panda walimtania kwamba siku ya kiyama atapita mlangoni bila kupanga foleni, maana kesi yake keshaileta imeandikwa.

Sasa tuje kwa kinyozi.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ni mtu wa maneno mengi na mkasi mwepesi. Kwa miaka mingi alikuwa akicheza namba zile zile sita, tarehe za kuzaliwa watoto wake wanne, ya mkewe na ya kwake, na alikuwa akizitaja kwa mbwembwe kama anayeita majina ya mawaziri. Kawaida alinunua asubuhi. Lakini Jumamosi moja duka lilijaa, kulikuwa na harusi mtaani na kila kidevu kilitaka kung'aa, akasahau. Alikuja kukumbuka ikiwa dakika nne kabla ya saa kumi na moja jioni, na saa kumi na moja kamili ndipo droo hufungwa. Alivuka barabara anakimbia, taulo begani, mashine ya kunyolea bado mkononi inaning'inia waya.

"Mama Saini! Namba zangu! Upesi!"

"Zitaje."

"Unazijua!"

"Nazijua, na nataka uzitaje. Ndivyo ilivyo."

Akazitaja anahema. Mama Saini akabonyeza. Tiketi ikatoka. Kinyozi akaisoma na uso ukamshuka.

"Ishirini na saba? Ishirini na saba ya nani? Mimi nimesema kumi na saba! Kumi na saba ndiyo siku aliyozaliwa binti yangu wa tatu!"

Mama Saini akaangalia. Kweli. Kidole kilikuwa kimeteleza mstari mmoja chini. Akabonyeza kitufe cha kufuta. Mashine ikazungusha kile kiduara chake, ikazungusha. Akabonyeza tena. Ikazungusha. Mara ya tatu, mara ya nne, na hapo kioo kikaandika kwa herufi nyekundu: droo imefungwa.

"Kosa ni langu," alisema Mama Saini. "Haifutiki tena, na nyingine siwezi kukuchapia. Kanuni inakupa hiari. Uichukue hii kama ilivyo, au uikatae, niilipie mimi, iwe yangu."

"Niichukue ya nini? Nikamwambie mtoto nimemwacha nje?"

"Unaikataa?"

"Naikataa, naikataa, naikataa! Mara tatu, kama talaka!"

Akalivuta daftari la saba. Akaandika: *Nimebonyeza 27 badala ya 17. Nimejaribu kufuta, mashine imechelewa, droo imefungwa. Nimempa mteja hiari. Ameikataa. Tiketi ni ya wakala.* Akamsogezea. Kinyozi akatia saini kwa hasira hata karatasi ikatoboka, akarudi dukani kwake, ambako bwana mmoja alikuwa kanyolewa upande mmoja tu na anaanza kuwa na wasiwasi.

Mama Saini akailipia tiketi kutoka mfukoni mwake, akaiweka katikati ya daftari, akafunga kibanda.

Jumapili asubuhi, wakiwa wanakunywa chai, redio ikasoma namba. Wifi ndiye aliyekuwa akisikiliza. Mama Saini alikuwa akipekua daftari tu kwa mazoea. Namba ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Ya tatu, ishirini na saba. Alipofika ya tano alikuwa ameshaweka kikombe chini. Ya sita haikutoka. Namba tano kati ya sita: zawadi ya pili. Fedha za kujenga nyumba ya vyumba vitatu, ukuta wa matofali na bati juu, na chenji ya milango.

"Wifi," alisema Mama Saini kwa sauti ndogo isiyo yake. "Njoo uangalie macho yangu kama yana matatizo."

Wifi akaangalia tiketi, akaangalia namba alizoandika ukingoni mwa gazeti, akapiga kigelegele kimoja, cha pili akakimeza, kwa sababu alimwona mwenzake halii wala hacheki.

"Una nini? Tumetoka, wifi! Tumetoka!"

"Hujui kanuni ya thelathini na moja."

Wifi alikuwa ameisahau, lakini Mama Saini alikuwa nayo kichwani. Wakala akishinda zawadi kubwa kwa tiketi iliyotoka kwenye mashine yake, lazima aitaarifu Bodi katika siku mbili. Mashine inafungwa kwa lakiri, leseni inachukuliwa, uchunguzi unaanza. Ni kanuni ya haki, maana wapo mawakala waliowahi kuwaibia wateja ushindi wao. Lakini miaka ya karibuni mawakala wawili wa mji ule waliokwenda kuchunguzwa hawakurudishiwa leseni. Na wala hakuna aliyejua kama waliiba au walishindwa tu kujieleza.

Wifi alikaa, akafikiri, akavuta kiti karibu.

"Sikiliza. Mimi si wakala. Mimi ni mshona nguo. Nipe hiyo tiketi, jana kwa haraka hata hukuitia saini, niitie yangu nyuma, kesho nakwenda kuchukua zawadi. Nani atajua?"

"Unaishi kwangu. Kanuni inasema wakala au mtu wa nyumba yake."

"Basi nahama kwa wiki moja."

"Na daftari? Limeandikwa kwamba tiketi ni ya wakala."

"Ukurasa mmoja, wifi! Ng'oa ukurasa mmoja!"

Mama Saini aliligeuza daftari, akamwonyesha kona ya juu. Mia moja na kumi na tatu. Akafunua ukurasa uliofuata. Mia moja na kumi na nne.

"Nilizipa namba ili nisije nikajaribiwa," alisema. "Sikujua kama siku yenyewe ningetamani kuwa sikuzipa."

Wifi ni mwanamke aliyeshona sketi za wenzake miaka thelathini kwa cherehani ya mguu, goti la kulia limeshaanza kulalamika, na zawadi ile ilikuwa juu ya meza anaiona. Hatimaye akasimama, akatoa vyombo.

"Haya. Vaa lile gauni la buluu. Kama unakwenda kujishtaki, angalau upendeze."

Jumatatu, Bodi ilipofungua milango, Mama Saini alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Saa sita mkaguzi alikuwa keshafika kwenye kibanda: mwanamke kijana, miwani minene, mkoba wa ngozi, maneno ya kuhesabu. Akafunga mashine kwa utepe na lakiri nyekundu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ukutani.

"Na leseni, mama."

Mama Saini aliitoa mwenyewe kwenye msumari. Kwenye rangi ya kijani kikabaki kiraka kilichokoza, mstatili ambao jua halikuwahi kuugusa. Wapita njia walisimama kuangalia. Kwa miaka ishirini na miwili hawakuwahi kuuona ukuta ule.

"Nitaitunza vizuri," alisema mkaguzi.

"Niandikie, mwanangu. Kwamba umeichukua, saa ngapi, ikiwa katika hali gani. Halafu tia saini."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani. Akaandika.

Uchunguzi ulikuwa wa wiki mbili, na wiki mbili ni muda mrefu kwa midomo ya watu. Duka la kinyozi ndilo lililogeuka bunge. Kila aliyekaa kwenye kiti alikuja na lake. Mmoja akasema kidole cha miaka ishirini na miwili hakitelezi. Mwingine akasema kuna namna ya kubonyeza, mashine inakuonyesha namba zitakazotoka. Mwingine, huyu alikuwa na povu hadi masikioni, akasema, "Kinyozi, wewe umelala. Ile ni nyumba yako. Namba zako tano zile! Andika barua." Kinyozi mwanzoni alibisha. Siku ya nne alinyamaza. Siku ya sita aliandika barua.

Mama Saini aliisikia habari hiyo kwa wifi, akiwa anachambua maharage.

"Kaandika nini?"

"Kwamba hukumpa hiari. Na saini aliyotia alidhani ni ile ya kila siku, maana wewe huwadai watu saini kama pumzi, hakuna anayesoma."

Mkono wa Mama Saini ulisimama juu ya sinia. Hilo lilimchoma kuliko yote. Jina lake lenyewe ndilo lililokuwa linaletwa kuwa shahidi dhidi yake.

"Wifi," alisema baadaye, "nyumba waichukue. Lakini wakinirudisha mitaani na jina la mwizi wa tiketi, mimi nitakuwa nimefanana na yule dalali. Mlinzi akinipita barabarani, ataniangalia tena vile vile."

Siku ya kikao walikwenda wawili, wamebeba kapu lenye madaftari saba. Kikao kilifanyika ghorofa ya pili, chumba chenye meza ndefu na feni iliyokuwa ikigonga kila inapozunguka. Mwenyekiti alikuwa mzee mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Pembeni yake mkaguzi na karani. Upande wa pili kinyozi, kajinyoa mwenyewe safi kupita kiasi, kavaa koti, haangalii upande wa Mama Saini.

Barua ilisomwa. Mwenyekiti akamgeukia Mama Saini.

"Una la kusema, mama?"

"Nina la kusomwa, mheshimiwa. Kusema kila mtu anaweza."

Madaftari yakapangwa mezani. Mkaguzi alikuwa amekwisha kuyaomba na kukaa nayo siku tatu. Vijikaratasi vya njano vilikuwa vimechomoza pembeni kama manyoya ya kuku. Akafungua la saba, akausoma ukurasa wa mia moja na kumi na tatu. Kisha akasema kwamba kumbukumbu ya mashine inakubaliana na maandishi: kabla ya droo kufungwa, kitufe cha kufuta kilibonyezwa mara nne.

"Anayetaka kuiba bahati," alisema, "sidhani kama angejaribu mara nne kuifuta."

"Hilo la kufuta nakubali," alisema kinyozi, akijikaza. "Lakini hiari sikupewa. Na hilo daftari mimi silijui. Nilitia saini kama ninavyotia nyuma ya tiketi. Huyu mama, mheshimiwa, ukimpa mkono kumsalimia anakuletea kalamu."

Watu wawili watatu wakacheka. Mama Saini hakucheka.

"Hulijui kabisa daftari hili?" mkaguzi aliuliza.

"Kabisa."

Mkaguzi akachukua daftari la nne, akafungua penye kijikaratasi, akamsogezea kinyozi. "Tusomee hapa, tafadhali. Miaka tisa iliyopita."

Kinyozi akainama kusoma. Masikio yakabadilika rangi.

"Soma kwa sauti," alisema mwenyekiti.

"*Nimemchapia kinyozi namba 32 badala ya 23. Droo imefungwa. Nimempa hiari.*" Akasita. "*Ameikubali. Baada ya droo: imeshinda zawadi ndogo, bei ya mashine mpya ya kunyolea. Ni halali yake. Hongera yake.*"

"Na chini ya saini? Hapo pana mwandiko mwingine."

Chumba kizima kilisikia feni ikigonga.

"Huo... huo ni wangu," alisema kinyozi.

"Unasemaje?"

Kinyozi alishusha pumzi ndefu, na mabega yakashuka nayo, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama Mama Saini usoni.

"Unasema: *Kosa lako, bahati yangu. Kosea tena wiki ijayo.*"

Wifi ndiye aliyeanza. Aliziba mdomo kwa mkono lakini kicheko kikatokea puani, kikamshika karani, kikamfikia hadi mwenyekiti, ambaye alijifanya kukohoa. Kinyozi mwenyewe akaangukia kicheko cha aibu, akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Mheshimiwa, naiondoa barua yangu. Hiari nilipewa. Niliikataa mara tatu, na majirani walisikia. Wiki mbili hizi kila kichwa kilichokaa kwenye kiti changu kilinipa ushauri. Kazi yangu ni kuvinyoa vichwa, na safari hii vyenyewe vikaninyoa mimi." Akamgeukia Mama Saini. "Nisamehe, dada yangu."

"Ile mashine uliyonunua siku ile," alisema Mama Saini, "bado inanyoa?"

"Ndiyo niliyokujia nayo mkononi ile Jumamosi."

"Basi tumesameheana."

Mwenyekiti alikuwa ameanza kupekua daftari la kwanza peke yake. Alifika ukurasa wa mwanzo, akausoma ule mstari wa mlinzi wa ghala, akausoma tena. Alipoinua uso sauti yake ilikuwa imelegea.

"Mkaguzi, makosa yote humu ni mangapi?"

"Elfu moja mia tatu na kumi na tatu, mheshimiwa. Nimelinganisha na mashine yale yote yanayoweza kulinganishwa. Hakuna lililopungua." Akasita kidogo. "Kwa makaratasi yetu, mheshimiwa, huyu ndiye wakala mwenye makosa mengi kuliko mawakala wote wa mji huu. Wengine, tukiamini ripoti zao, hawajawahi kukosea hata mara moja."

Mwenyekiti alitabasamu kwa mara ya kwanza. Uamuzi haukuchukua muda. Zawadi ni ya wakala. Lakiri ikatwe. Leseni irudishwe leo hii, hapa hapa.

Mkaguzi akaitoa kwenye mkoba wa ngozi. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa, na kioo kilikuwa kinang'aa. Inaonekana naye aliipangusa. Mama Saini aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza mbele na nyuma, akaikagua pembe zote nne mbele ya wakubwa bila haraka. Ndipo akaitia saini karatasi ya kupokea.

"Jambo moja, mama," alisema mwenyekiti. "Tunaomba madaftari haya yabaki hapa mwezi mmoja. Tunataka kutengeneza fomu kwa mfano wake, kila wakala awe nayo. Asiyeandika makosa yake, tutataka kujua kwa nini hana."

Wifi alimpiga kiwiko cha furaha. Mama Saini aliyatazama madaftari yake saba mezani: la kwanza jalada limepauka, la tatu limepigwa gundi mgongoni, la saba bado jipya. Aliyeishia darasa la tano alikuwa anaombwa na Bodi aiazime mwandiko wake.

"Yatabaki, mheshimiwa. Ni heshima kwangu."

Akafungua pochi. Akatoa karatasi tupu, akailaza mezani, akaandika mistari saba taratibu, kila daftari na idadi ya kurasa zake. Kisha akaisukuma polepole juu ya ile meza ndefu hadi mbele ya mwenyekiti wa Bodi, na juu yake akaweka kalamu.

"Hapo chini, mheshimiwa," alisema Mama Saini. "Tia saini."

Akatia.